Pilau Iliyokosa Mlaji

Mkuyuni, nyuma ya kigango,
Mwanza.
25 Machi

Mpendwa mwanangu Teodora,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa maana ni nyingi. Hujambo mwanangu? Mkwe wangu Masele hajambo? Na mjukuu wangu Malimi, kile kifua kimepona? Usimwogeshe jioni. Najua wewe ndiye nesi na mimi niliishia darasa la nne, lakini nimelea vifua vinne na vyote vipo hai, kimoja kikiwa chako.

Sisi huku wazima. Baba yako mzima, isipokuwa goti. Goti lenyewe silielewi. Akipanda kwenda kanisani linauma, akishuka kwenda kucheza bao kwa Yassin haliumi. Mimi presha yangu imetulia, ila Ijumaa iliyopita ilipanda mpaka nikaona nyota mchana, na hiyo ndiyo habari inayonifanya nishike kalamu. Kwenye simu ningeanza kukusalimia tu vocha ingekwisha, na mambo haya hayasemwi nusu nusu. Barua hii nimeiweka ndani ya mfuko wa dagaa. Ukiukuta una harufu, si kosa langu, ni kosa la dagaa.

Kabla ya yote nikuambie kwamba ile miwani uliyonitumia ninaivaa. Hata sasa hivi nimeivaa. Usiseme "mama hatimaye," subiri kwanza nikueleze.

Unakumbuka ule mtaro ulioziba, maji yakaingia nyumba zote za chini, za waumini wa kanisa na za waumini wa msikiti bila kuuliza? Padri na Sheikh waliitana, na watu wote wakatoka na majembe, tukauzibua pamoja. Tangu pale ujirani wetu umekuwa mwingine. Sasa tunachimba pamoja, tunazikana pamoja, na mwaka jana Mwaija akaleta wazo lake. Mwaija unamjua, rafiki yangu, mke wa Yassin fundi cherehani, yule aliyekuwa anakusuka ukalia mpaka majirani wanakuja.

Mwaija alisema hivi: siku ya sikukuu mwanamke ndiye asiyeiona sikukuu. Wenzake wanasali, yeye yuko jikoni anapambana na moshi. Basi Krismasi wanawake wa msikitini watupikie sisi twende Misa tumetulia, na Iddi sisi wa kanisani tuwapikie wao waende kuswali wametulia. Halafu mtaa mzima tule pamoja kiwanjani kwa kigango.

Mwanangu, Krismasi ile! Nilikaa Misa mpaka mwisho. Nilisikia mahubiri yote, kitu ambacho sikumbuki lini kilinitokea mara ya mwisho. Tukatoka, tukakuta wali umeiva, kuku wameiva, hata maji ya kunawa yamewekwa. Nilikaa kwenye kiti kama mgeni. Nililia kidogo, Mwaija akasema ni vitunguu.

Kwa hiyo Iddi hii ilikuwa zamu yetu, na jumuiya ikanichagua mimi kuwa mkuu wa wapishi. Paskazia hakupenda. Yeye ndiye amepika sherehe zote za kigango tangu paa lilipoezekwa. Akasema mbele ya watu, "Haya, tutaona. Mama Teodora akipika ugali wa watu wawili huwa anauliza kama utatosha." Na kule msikitini nako kulikuwa na wazee wanaonung'unika kwamba wanawake wa kanisani watawaharibia Iddi yao, kila mtu abaki na chungu chake. Sheikh akawanyamazisha. Akasema, "Mwaija amemdhamini Mama Teodora, inatosha."

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Nilijua nikiharibu mimi, wanaonung'unika huku na wanaonung'unika kule watapeana mikono, na mambo ya kupikiana yatakwisha. Na Mwaija atakuwa amenidhamini bure. Uso wa kumtazama ningeutoa wapi?

Tulijipanga vizuri, usidhani. Sufuria tuliazima za msikiti, maana za kwetu kila mtu anajua zilipika nini kwenye jubilei ya parokia, na nguruwe hasahauliki kwa kusugua. Ng'ombe alichinjwa na Yassin mwenyewe Alhamisi mchana, na nyama ikawekwa kwenye friza la bucha ikisubiri mwezi uandame. Viungo Mwaija alitwanga kwa mkono wake, akanifungia kwenye kitambaa, akaniambia, "Usiongeze kitu, usipunguze kitu, na usimpe Paskazia ashike."

Ikabaki shida moja. Hii Iddi imeingia katikati ya Kwaresima yetu, na mwezi ukionekana Alhamisi jioni, Iddi inakuwa Ijumaa. Ijumaa ya Kwaresima sisi nyama hatugusi. Tukamwendea Padri. Padri akafikiri, akasema kama Iddi itakuwa Ijumaa, kwa ajili ya ujirani mwema anaturuhusu kula kile tutakachopewa mezani, halafu tufidie kwa kujinyima siku nyingine. Katekista Ngosha alikuwepo. Alilisikia lile neno "kama." Mimi sikulisikia.

Sasa Alhamisi jioni. Nilikuwa kiwanjani kwa kigango na wenzangu tunapanga mafiga. Jua limezama upande wa ziwa, mbingu ni nyekundu. Unanijua nilivyo, mambo ya kesho mimi huwa nimeanza kuyaogopa jana. Nikawa nawaza, je, mwezi wakiuona wakachelewa kutuambia? Je, watu watoke kuswali wakute nyama mbichi? Nikainua macho juu ya yale mawe makubwa ya kule kwa Mashimba mvuvi, na mwanangu, nikauona. Mwembamba, mweupe, umejikunja kama kucha iliyokatwa.

Nikasema, "Ule pale!"

Paskazia akatazama, akasema, "Mbona mimi nimeuona zamani, nilikuwa nangoja mseme." Na wengine wote wakauona. Baba yako peke yake alisimama akakunja uso akasema, "Mwezi mchanga mbona mnene hivyo?" Nikamwambia anyamaze, mambo ya mwezi si ya mtu mwenye goti bovu.

Nikaenda moja kwa moja bucha. Yule kijana akaniuliza kama mwezi umetangazwa. Nikamjibu, "Utangazwe wa nini? Nimeuona mwenyewe kwa macho yangu." Akanipa nyama yote. Macho yangu! Miwani yako ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye leso, naitunzia shughuli kubwa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Nikazima simu ili chaji isiishe, nikalala mapema. Kumbe huku nyuma redio zote zinatangaza kwamba mwezi haukuonekana, watu wafunge siku moja zaidi watimize thelathini. Mwaija alinipigia akakuta sipatikani, akajisemea kwamba nimesikia, maana nani asingesikia?

Alfajiri tuliwasha moto. Mzee Machibya, mlinzi wa kigango, alikuwa amekaa kwenye jiwe lake amejifunika blanketi. Wewe unamjua, yule wa mizimu ya babu zake, haendi kanisani wala msikitini, na kote analipwa kulinda. Akatusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Tukaitikia. Akatuangalia tunakata vitunguu. Akatuangalia tunatia nyama. Hakusema neno. Viungo vilipoingia kwenye mafuta na harufu ikapanda, akasimama, akaenda kwake, akarudi na sahani.

Mwanangu, ile pilau ilikuja vizuri! Sijui niseme nini. Punje moja moja, rangi kama ya ngozi yako ulipozaliwa. Tukapalia makaa juu ya mifuniko, nikafunga kanga mpya, nikasimama getini kuwangoja watu watoke kuswali na kanzu zao.

Wa kwanza kupita alikuwa Yassin. Hana kanzu. Amevaa shati lake la kazi na futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Nikapaza sauti, "Iddi mubarak, shemeji!"

Akasimama. Akavuta pua. Akavua kofia akaziba nayo pua na mdomo.

"Mama Teodora," akasema akiwa ndani ya kofia, "nimekukosea nini?"

"Shemeji, mbona hujavaa?"

"Nivae niende wapi?"

"Si Iddi?"

"Iddi ya nani? Leo tumefunga!"

Nilicheka, nikadhani ni masihara yake ya kawaida. Halafu nikamwona macho yalivyomtoka akitazama ile mifuniko, na mate anayameza, na akajutia kuyameza. Hapo nikajua si masihara. Nikakaa chini palepale getini na kanga yangu mpya.

Yassin si mtu mbaya, alinionea huruma. Akasema, "Basi, usilie. Kuleni nyie." Akaondoka mbio mbio, upande ambao si wa kibanda chake cha kushonea, ili aukwepe upepo wenye harufu.

Paskazia akafurahi waziwazi. Akasema, "Basi tutakula sisi, ruhusa ya Padri tunayo," akachukua sahani. Lakini Katekista Ngosha alikuwa amefika, amekumbatia kitabu chake cha sala, na uso wake ulikuwa wa Ijumaa Kuu.

"Ruhusa ilikuwa ya Iddi," akasema. "Hapa Iddi iko wapi?"

"Katekista, chakula kimeshaiva!"

"Na Kwaresima nayo imeshaiva. Padri alisema kama Iddi ni Ijumaa. Iddi si Ijumaa. Leo ni Ijumaa ya Kwaresima kama nyingine. Mwanzilishi wa vurugu hii ni mwezi, kamdaini mwezi."

Tukajaribu kumpigia Padri simu. Alikuwa amekwenda Ukerewe kwenye mafungo, yuko kwenye meli ya Nansio, hapatikani. Paskazia akauliza kwa sauti ndogo kama kuonja chumvi ni dhambi. Ngosha akamjibu kwamba kuonja chumvi si kula. "Lakini wewe Paskazia umeonja na mfupa, nimeuona pale chini, umeng'aa."

Sasa nielewe, mwanangu. Pilau ya mtaa mzima imeiva, inanukia mpaka barabarani. Wa msikitini wamefunga. Wa kanisani Ijumaa inawazuia. Na jua lile, mpaka magharibi ingechacha. Kiwanja kizima mtu mwenye ruhusa ya kula alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameshakaa na sahani mapajani.

Nikamgeukia, "Mzee Machibya, wewe hukujua kama watu bado wamefunga?"

"Nilijua. Nilisikia watu wakila daku."

"Sasa kwa nini hukutuambia?"

"Hamkuniuliza." Akanyoosha sahani. "Weka na ukoko."

Nikampakulia. Ningefanya nini? Alikula taratibu, kila tonge anafumba macho, na sisi tumesimama tumemzunguka kama mtu tunayemwombea. Alipomaliza ya kwanza akasema, "Miaka yote hii Ngosha unaniambia nichague upande. Leo umenyamaza."

Mimi nikaenda nyuma ya kigango nikalia. Sikulilia nyama. Niliwaza ng'ombe wa watu, niliwaza wale wazee watakavyosema "si tuliwaambia," niliwaza Mwaija aliyenidhamini, amefunga, yuko nyumbani ananusa viungo vyake mwenyewe. Nikasema moyoni, basi, Krismasi ijayo kila mtu na chungu chake, na aliyeleta hayo ni mimi.

Nikiwa pale, akaja Nusrat, kile kijukuu cha Mwaija cha mwisho, kimetoka chekechea na begi mgongoni. Kikaniambia, "Bibi, naona njaa." Nikataka kukiambia nenda kwenu leo mmefunga. Kisha nikamtazama. Huyu anafunga wapi? Ana meno ya mbele hayajaota!

Nikafuta uso nikarudi. Nikamuuliza Ngosha, "Katekista, mtoto mdogo Ijumaa inamzuia nyama?" Akafungua kitabu, akafunga, akasema aliye chini ya miaka kumi na minne haimbani. Nikamtuma mtu kwa Yassin amuulize, na wenu wadogo? Jibu likaja kwamba wadogo hawafungi, wala mgonjwa, wala mjamzito, na tafadhali yule aliyetumwa asirudi tena na mikono inayonukia.

Basi nikapanda juu ya jiwe la Mzee Machibya nikaita watoto.

Hujawahi kuona. Walishuka kwenye yale mawe kama kumbikumbi baada ya mvua. Wa chekechea, wa madarasa ya chini waliokuwa wanatoka shule, wa kwetu, wa kwao, wa watu tusiowajua. Tukawanawisha, tukawakalisha kwenye majamvi. Nusrat akasema Bismillahi, mtoto wa pembeni akafanya ishara ya msalaba, wakaingiza mikono. Kelele zote zikakatika, ikabaki sauti ya kutafuna tu.

Vituko navyo havikukosa. Kijana mmoja mwenye ndevu changa alikaa katikati ya watoto, magoti yako masikioni, akaapa kwamba ana miaka kumi na mitatu. Ngosha akamwambia, "Mimi nilikufundisha kipaimara, na siku ile ulikuwa mkubwa kuliko mimi." Akamtoa. Paskazia naye ghafla akawa anasikia kizunguzungu, akauliza kama kizunguzungu kinahesabiwa ugonjwa. Wajawazito wa dini zote walipita, na mmoja sidhani. Sikuuliza, mambo ya tumbo la mtu ni ya kwake.

Mchana sufuria zikawa tupu. Nilikuwa nasugua ya mwisho nilipoona miguu ya Mwaija imesimama mbele yangu. Sikuinua kichwa. Nikasema, "Mwaija, nisamehe. Nimekuaibisha."

Kimya. Nikasema tena nisamehe. Kimya. Nikainua macho nikamkuta amejishika mbavu, machozi yanamtiririka, hawezi hata kupumua.

"Usinichekeshe," akasema, "nimefunga, sina nguvu!" Akakaa chini, akacheka mpaka mtandio ukaanguka. "Yassin amekuja nyumbani amejifungia chumbani. Anasema amesikia pilau yake imeliwa na Machibya."

Tukacheka wote, mimi huku nalia. Kisha akaacha, akanishika mkono wangu wenye masizi. "Sasa kesho tunakula nini?" Mwanangu, nilisikia lile neno "tunakula." Hakusema wanakula nini wao. Nikajua bado sijampoteza.

Nikamwambia ukweli, nyama hakuna hata mfupa, huo wa Paskazia umeisha. Umebaki mchele, na dagaa wangu wa biashara. Dagaa, Iddi! Nilitamka huku natazama chini. Mwaija akasema, "Wameumbwa na Mungu huyohuyo. Wakaange wakauke."

Jioni ile watu walikusanyika kiwanjani kuutazama mwezi, ingawa siku zilikuwa zimetimia na hakuna tena ubishi. Kusema kweli walikuja kunitazama mimi. Yassin akaniuliza mbele ya Sheikh na mbele ya wote, "Shemeji, tuonyeshe, jana uliuona wapi?"

Nikanyoosha kidole juu ya mawe kwa Mashimba, na nikaruka kwa furaha. "Si ule pale! Upo palepale! Si niliwaambia?"

 Yassin akasogea, akatazama kidole changu kinapoelekea, akatazama tena. Akasema taratibu, "Mama Teodora, mwezi wako una waya."

Lilikuwa dishi, mwanangu. Dishi jipya la Mashimba, amelifunga wiki ile juu ya paa, ukingo wake unashika mwanga wa jua likizama. Na waya umeshuka mpaka dirishani, na ndani watu wanashangilia mpira. Mwezi wenyewe ulikuwa pembeni kabisa, upande wa ziwa, na mimi peke yangu ndiye ambaye sikuuona. Baba yako hakusema kitu. Alikohoa tu, na tangu siku hiyo kila nikimwambia jambo anakohoa.

Pale pale nilikwenda kabatini nikaitoa miwani kwenye leso.

Mashimba aliona aibu kuliko mimi. Akasema dishi lake limeingia kwenye dini mbili za watu bila yeye kujua. Jumamosi asubuhi akaleta sato, wakubwa, bado wanapiga mikia. Tukakaanga sato, tukakaanga dagaa kwa pilipili na ndimu, tukapika wali mweupe. Safari hii Mwaija alinipigia simu alfajiri mara tatu kunihakikishia kwamba leo ni kweli Iddi. Mara ya tatu Yassin alinyang'anya simu akasema na Ngosha naye aambiwe.

Walipotoka kuswali na kanzu zao nyeupe, nilisimama pembeni. Nilikuwa nawatazama wale wazee walionung'unika. Mmoja wao, mkubwa wao, akaketi, akachukua dagaa mmoja, akamtazama kama anayemuuliza jina, akamtia mdomoni. Akachukua mwingine. Halafu kiganja kizima. Akasema, "Tangu meno yaondoke, kila Iddi mimi hunyonya nyama naitema. Leo nimeshiba." Wenzake wote wasio na meno wakaitikia, nao ni wengi. Basi maneno ya kila mtu na chungu chake yakafia pale kwenye sinia.

Sheikh naye alisimama kushukuru. Moyo wangu ulisimama pamoja naye. Akasema mwaka huu mtaa umepata Iddi mbili, moja ya watoto na moja ya wakubwa, na watoto wameshamwuliza kama mwakani itakuwa hivyo. Akasema yeye na Padri watakaa walizungumze ile ya watoto iendelee, ila safari hii iwe kwa kupanga. Kisha akatoa masharti mawili: kwanza, mwakani siku ya kutazama mwezi dishi la Mashimba lifunikwe gunia, pili, mpishi mkuu abaki yuleyule, lakini awe na miwani.

Watu wakapiga makofi. Paskazia naye alipiga, kidogo.

Sasa jambo linalokuhusu wewe. Watoto wameipa ile Ijumaa jina. Wanaiita Iddi ya Mama Teodora. Kwa hiyo jina lako ndilo linalotajwa mtaani, nikaona nikuombe radhi mapema kabla hujalisikia kwa mtu.

Na Krismasi njoo, mwanangu. Njoo na Masele na Malimi. Mwaija ameshasema watatupikia tena, tena kwa kulipiza kisasi atapika tarehe ishirini na nne ili tunuse mpaka Misa ya usiku. Nataka ukae kwenye kiti uletewe chakula, na mimi nikae karibu yako, tusiamke hata kufuata chumvi.

Nisalimie mkwe wangu Masele, mwambie dagaa hawa ni wake, asimpe paka. Nisalimie Malimi, umbusu kifuani. Baba yako anakusalimu, anakohoa. Mwaija na Yassin wanakusalimu, Nusrat pia. Mzee Machibya anakusalimu sana, anauliza Iddi ya jina lako itarudi lini. Ngosha anasema usisahau kitubio cha Pasaka, na Paskazia anasema yeye alikuwa mgonjwa kweli.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe afya, na kila unayemgusa kwa sindano apone.

Jana jioni nilikaa barazani kwa Mwaija, tunachambua mchele. Nikiwa na miwani niliuona mwezi, umekwisha kunenepa, kila mtu anauona, hakuna anayeniuliza kitu. Halafu nikamgeukia Mwaija, na mwanangu, kumbe amezeeka. Ana mvi hapa pembeni, na mikunjo ya kucheka miwili mikubwa. Nikamwambia. Akanitazama bila miwani akasema, "Wewe bado msichana." Nikaivua, nikampa ajaribu. Akaivaa, akanitazama sana, akairudisha haraka, akasema, "Haya, vaa wewe tu."

Mimi mama yako nikupendaye, na sasa nikuonaye hata kwa mbali,

Mama Teodora